Santuri za Mama Mkwe na Sauti ya Kwenye Simu: Ipi Inasikika Vizuri Kweli?



Wengi wenu mnanijua kwa magauni na mashela. Nashona hapa Itaka, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, huku kwenye kahawa na baridi, ambako mwezi wa Juni fundi anakaa kwenye cherehani na sweta. Mabibi harusi wa Unguja na Pemba wananitumia vipimo kwa simu, nashona, mzigo unashuka na basi mpaka Dar es Salaam, kisha unapanda boti. Leo lakini sizungumzii nguo. Nataka tuzungumze sauti, kwa sababu kila harusi ninayoishonea, swali la pili baada ya rangi ya gauni ni hili: "Na siku hiyo tutapiga nini?"

Najua wapo kati yetu wasiosikiliza muziki kabisa, wao ni kisomo, kaswida na dufu tu. Nawaheshimu, na mbele nitafika kwenye Qur'an yenyewe, kwa hiyo msinikimbie. Ninayoyasema yanahusu sauti yoyote tunayotaka itufikie salama.

Nyumbani kwetu swali hili halikuwa la mzaha. Mama mkwe wangu ni mtu wa Ng'ambo, Unguja. Baba mkwe alipotangulia mbele ya haki na eda ilipokwisha, mume wangu alimwomba mama yake aje akae nasi. Alikuja na begi moja la nguo, na sanduku zito la mbao lililochukua vijana wawili kulishusha. Ndani yake mlikuwa na santuri. Juu yake palifungwa mashine ya kuzipigia, ya zamani, yenye mwendo wa aina nne.

Baadaye wifi yangu akapata mchumba wa binti yake. Wakati huohuo akatokea mnunuzi, watu wa mjini wanamfahamu, anayekusanya santuri kuukuu. Akataka sanduku zima kwa laki sita. Kwa mama anayeoza, laki sita ni kitanda cha bi harusi na magodoro yake. Wifi akapiga simu: "Mama, tuziuze. Hizo nyimbo zote zimo kwenye simu, tena zinasikika safi kuliko hizo za kukwaruza."

Mama mkwe hakukataa wala hakukubali. Alisema: "Kama zimo kwenye simu, nisikilizisheni."

Basi tukaanza kumsikilizisha. Na mimi, fundi cherehani, ikabidi nijue santuri ni nini hasa.

Sauti iliyochongwa

Sauti ni hewa inayotikisika. Santuri ni mtikisiko huo uliochongwa kwenye sahani. Ukiiweka kwenye mwanga utaona mistari, lakini kwa kweli ni mfereji mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, na kuta zake zimepinda-pinda kwa kufuata sauti iliyoimbwa. Sindano ikipita humo inatikiswa na yale mapindo, na mtikisiko unarudi kuwa sauti.

Sisi watu wa pwani tuna historia yetu humo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alisafiri na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Taarab ya Kiswahili ikaingia madukani, na sauti ya mwanamke wa Unguja ikasikika hata kwa watu wasiowahi kumwona. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wengi wetu tulimjua kwa kitabu hicho kabla ya kumjua kwa sauti.

Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika. Hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wanaokaa kwenye miti huko India na jirani zake, uliochanganywa na unga wa mawe. Ndiyo maana ni nzito, na ukiiangusha inavunjika kama sahani ya kulia. Upande mmoja ulibeba kama dakika tatu hivi. Wimbo mrefu ulilazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili.

Mwaka 1948 ikatoka santuri ndefu ya plastiki, ya mizunguko 33 na kidogo, inayobeba dakika 20 na zaidi kila upande. Mwaka 1949 ikafuata ndogo ya mizunguko 45. Hizi za 45 ndizo mama zetu waliozicheza sana. Mombasa kulikuwa na lebo ya Mzuri, ya duka la Assanand, iliyotoa taarab nyingi kwenye sahani hizo ndogo, na zikavuka bahari mpaka Unguja. Kwenye sanduku la mama mkwe aina zote tatu zilikuwemo. Za 78 alirithi kwa mama yake, nyingine alinunua mwenyewe au alizawadiwa.

Fundi redio wa Mlowo alibadilisha mpira wa ile mashine na kusafisha nyaya. Akanionesha kitu ambacho fundi yeyote wa nguo atakielewa mara moja: sindano yake ina pande mbili, unaigeuza. Upande mmoja mnene, wa 78. Mwingine mwembamba, wa 33 na 45. Ncha ya 78 ni nene kama mara tatu ya ile nyingine. Ukiweka nyembamba kwenye mfereji mpana inaelea chini na kuokota uchafu. Ukiweka nene kwenye mfereji mwembamba inakwaruza. Nani atashona hariri kwa sindano namba 16 ya jinzi?

Vipimo vya kwenye simu

Sauti ya simu, au ya CD, haichongwi. Inapimwa. CD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila kipimo kinaandikwa kuwa namba. Simu ikizisoma zile namba inaijenga sauti upya.

Utasikia watu wakisema kwamba digitali ni ngazi-ngazi na santuri ni laini, kwa hiyo santuri lazima iwe bora. Hilo si kweli, na sisi wenye futi na chaki tunaweza kulielewa kuliko wengi. Ninapokata mkono wa gauni, pindo la kwapa silipimi kila milimita. Naweka alama chache tu, kisha nachora mstari unaopita kwenye alama zote, na pindo linatoka lilelile. Zikiwa chache mno, mstari utakosea. Zikitosha, kuongeza nyingine hakuongezi kitu. Kwenye sauti kanuni ni hiyo: ukipima zaidi ya mara mbili ya mtikisiko wa kasi kuliko yote unaotaka kuuhifadhi, mstari unarudi sawasawa bila ngazi yoyote. Sikio la binadamu akiwa kijana husikia mpaka mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, na huzidi kupungua kwa umri. Vipimo 44,100 vinatosha.

Tena CD haina mikwaruzo. Kinanda kinaweza kupigwa polepole kabisa bila kufunikwa na kelele za sindano. Santuri ina udhaifu wake hata ikiwa mpya. Besi nzito ingefanya mfereji uyumbe mno, kwa hiyo wakati wa kuchonga hupunguzwa, kisha mashine ya kupigia inairudisha. Na kadiri sindano inavyokaribia katikati ya sahani, mzunguko unakuwa mfupi, mapindo yanabanana, na sauti inapoteza ung'avu. Ni kama kushona kona kali kwenye satini: sindano ni ileile na uzi ni uleule, ila mshono haukai kama ulivyokaa kwenye mstari ulionyooka.

Kwa hesabu, basi, wifi yangu alikuwa na hoja. Digitali iliyotengenezwa vizuri inabeba sauti nyingi kuliko santuri. Lakini mama mkwe hakuomba hesabu, aliomba kusikiliza.

Usiku wa kusikiliza

Tulikaa sebuleni baada ya Isha. Mume wangu aliazima spika mbili nzuri kwa rafiki yake, zilezile tukazitumia kwa santuri na kwa simu, sauti ikiwa kiwango kimoja. Hilo ni muhimu. Sikio linadanganywa kirahisi: kinacholia kwa nguvu zaidi kinaonekana bora hata kama si bora.

Tulianza na Umm Kulthum, santuri ndefu ya plastiki. Upande wa simu tuliweka toleo lililonunuliwa, si lile la kutumiwa tumiwa. Hapa simu ilishinda bila ubishi. Nyimbo za bibi yule ziliweza kufika saa nzima. Kwenye santuri unakatizwa katikati uinuke kugeuza upande, na sahani ya mama mkwe imeshachoka. Kwenye simu wimbo ulikwenda moja kwa moja, na mama akasema, "Hata pumzi yake naisikia." Wifi, aliyekuwa anatusikiliza kwa simu kutoka Unguja, akacheka: "Si niliwaambia?"

Ya pili ilikuwa taarab ya kale kwenye sahani ya 78. Inapiga kelele kama vitumbua kwenye mafuta, na nyuma ya kelele hizo anaimba mwanamke. Kwenye simu tulipata wimbo uleule, na mtu aliyeuweka alikuwa amesafisha zile kelele zote. Lakini alisafisha kupita kiasi. Kelele zilipotoka, zilitoka na ncha za maneno, na sauti ikabaki kama ya mtu anayeimba ndani ya pipa la maji. Mama mkwe alitikisa kichwa: "Kule anaimba, huku anazama." Ndivyo unavyofua kitambaa kwa dawa kali mpaka doa linatoka pamoja na ua lake.

Ya tatu ndiyo iliyotunyamazisha. Ni sahani ndogo ya 45. Kaka yake mama mkwe, mkubwa wake, alikuwa mpiga fidla, na siku ile kikundi kiliporekodi yeye alikuwemo. Jina lake halimo kwenye karatasi ya katikati. Amefariki zamani, hakuacha mtoto. Picha yake ipo moja, imefifia. Wimbo wenyewe ulikuwa maarufu, na kwenye simu tuliupata upesi.

Tulipoupiga, mama mkwe alisikiliza nusu dakika tu. Akasema: "Huyu siye."

Wimbo ulikuwa ndio. Maneno yalikuwa yaleyale. Lakini mwimbaji alikuwa amekuwa msichana, sauti imepanda juu na mwendo umekuwa wa haraka. Na fidla haikuwepo. Palipokuwa na fidla pana ukungu, kitu kinachovuma bila umbo. Tukaweka sahani, tukashusha sindano. Mikwaruzo ikaanza, kisha ikaingia fidla kulia kwake, inajibu kila mshororo, na mwishoni inavuta noti moja ndefu kabla ya ngoma kurudi. Mama mkwe akafunika uso kwa mtandio. Hakuna aliyesema neno, hata wifi kule kwenye simu.

Sauti inapotelea njiani

Kwa nini simu ilishinda kwa Umm Kulthum na ikashindwa kwa mjomba? Mashine ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni safari ya sauti kabla haijafika kwenye simu.

Kijana wa jirani anayefanya kazi za redio Mbeya alituelezea. Ule wimbo wa tatu ulitoka kwenye santuri ukaenda kwenye kaseti. Mashine ya kaseti ikienda kasi kidogo, sauti inapanda, na mume anakuwa kijana, mama anakuwa msichana. Kaseti ikanakiliwa kwenye kaseti nyingine, na kila nakala inaongeza uvumi wake. Kisha mtu akaiingiza kwenye kompyuta, akaibana kuwa faili dogo, likatumwa, likabanwa tena, likawekwa kwenye video, likabanwa tena.

Kubana huku ndiko kwa kuelewa. Dakika moja ya sauti ya CD inakula kama megabaiti 10. Faili la MP3 la kawaida la kilobiti 128 ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya hiyo. Linapata wepesi huo kwa kutupa kile ambacho sikio halitakikosa sana: sauti ndogo zinazofunikwa na kubwa. Mara moja, kwa kiasi, huwezi kujua. Lakini kila mtu anayelibana upya anatupa tena, na kilichotupwa hakirudi. Fidla inayojibu taratibu nyuma ya mwimbaji ni miongoni mwa vya kwanza kuumia.

Ni kama kanga. Piga picha kanga mpya, mwenzako aipige picha ile picha, na wa tatu aipige picha hiyo ya pili. Jina la kanga litasomeka bado, kwa hiyo kila mtu atasema "si ndiyo ileile?" Lakini mwambie fundi achape kitambaa kutokana na picha ya mwisho, uone pindo litakavyotoka.

Yule kijana akafanya jambo la haki. Alikuja na kifaa kidogo cha kupokea sauti ya santuri na kurudisha ile besi iliyopunguzwa, akakiunganisha na kompyuta. Sahani tuliipangusa vumbi, mwendo ukahakikishwa ni 45 kamili, sindano upande sahihi. Akarekodi bila kubana. Kisha tukamvalisha mama mkwe vyombo vya masikioni, tukampigia mara santuri, mara nakala mpya, bila kumwambia ipi ni ipi. Alikosea kama alivyopatia. Mwisho akachoka na mchezo wetu: "Zote ni yeye. Niacheni nisikilize."

Hapo nikapata jibu langu. Digitali haikumpoteza mjomba, mikono iliyomnakili bila uangalifu ndiyo iliyompoteza. Na santuri nayo haikumhifadhi kwa ubora wa kimiujiza, maana ina mikwaruzo na kikomo chake. Ilimhifadhi kwa sababu ni nakala iliyo karibu zaidi na siku aliyopiga fidla. Anayeuza santuri kwa kuwa "imo kwenye simu" ajue kwanza kilichomo kwenye simu kimepita njia gani.

Na Qur'an je?

Dada zangu, hapa ndipo jambo linapotugusa sote.

Mwaka 1961 huko Misri ilitoka rekodi ya kwanza ya Qur'an nzima, kwa kisomo cha Hafs kutoka kwa Asim, kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Ilitoka kwenye santuri. Mwaka 1964 Cairo ikaanzisha redio maalumu ya Qur'an, na sauti hizo zikafika nchi nyingi. Fikiria Qur'an nzima kwenye sahani: kugeuza, kufuta vumbi, kubadilisha, kugeuza tena. Leo kisomo hichohicho kinakaa kwenye simu ya mtoto na nafasi inabaki. Kwa hili digitali ni neema, na sioni sababu ya kutamani sahani.

Lakini binti yangu anasoma kwa ustadha aliye Unguja, maana huku Itaka Waislamu si wengi na walimu wa kike ni adimu. Wanasoma kwa simu. Kuna kipindi ustadha alimsahihisha siku tatu mfululizo neno moja: "Sema thumma, usiseme summa." Mtoto akalia, maana alikuwa anasema thumma. Nilikaa naye kitako, nikasikiliza kwa sikio langu. Ulimi ulikuwa mahali pake.

Simu ya kawaida tangu zamani ilitengenezwa kupitisha mitikisiko kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu. Inatosha kuelewa mazungumzo. Lakini thaa na sini zinatofautiana kwa mvumo wa juu, na sehemu kubwa ya mvumo wa sini iko juu ya kikomo hicho. Ujumbe wa sauti unaobanwa nao una mapungufu yake, hasa mtandao ukiwa dhaifu. Ustadha alikuwa anasahihisha kile kilichomfikia. Sasa mtoto anarekodi chumbani mlango umefungwa, simu ikiwa umbali wa shubiri kutoka mdomoni, kwa kiwango cha juu, na faili linatumwa kama hati. Thaa inavuka bahari ikiwa thaa. Mwalimu wa ana kwa ana hana mbadala, ila aliye mbali na mwalimu angalau asipotezewe herufi njiani.

Kwa bi harusi na mama wa bi harusi

Haya ndiyo niliyoyakusanya, yachukueni yatakayowafaa.

Msiuze wala kutupa santuri, kaseti wala mkanda wowote kabla ya kujua kama kuna nakala nzuri. Sikilizeni zote mbili kwa spika moja na kwa sauti ya kiwango kimoja.

Santuri zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na jua na jiko. Zile nzito za 78 msizipanguse kwa spiriti kamwe, maana spiriti inayeyusha utomvu uliozitengeneza. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Na msizipige kwa sindano isiyo yake.

Mkinakili, wekeni faili moja lisilobanwa, la WAV au FLAC, mahali pawili tofauti. Kutoka hilo mtengeneze MP3 za kusambaza. Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama hati, si kama video wala kwa kurekodi sauti inayotoka kwenye spika.

Siku ya shughuli mpeni mpiga muziki faili lenu mapema. Akitafuta mtandaoni pale pale ukumbini, mtapata alichokipata. Na sauti ipungue jamani! Spika ikisukumwa kupita uwezo wake inapasuka, na hapo hata rekodi bora duniani inageuka kelele. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo cha usalama wa masikio, na kumbi zetu nyingi huvuka kiwango hicho. Bibi aliyekuja kumbariki mjukuu asirudi nyumbani na kizunguzungu.

La mwisho: warekodini wazee wenu sasa. Mama anayejua nyimbo za unyago, babu mwenye kisomo kizuri, shangazi mwenye kaswida za utotoni. Mwombeni ruhusa kwanza, kisha chagueni chumba chenye mapazia, feni izimwe, simu iwe karibu. Miaka 50 ijayo hiyo ndiyo itakuwa santuri ya wajukuu zenu.

Na sanduku letu? Mama mkwe aliamua mwenyewe. Santuri ambazo nakala zake nzuri tulizipata aliziuza, laki nne zikapatikana na kitanda kikanunuliwa. Zilizobaki ni 11, za mama yake na ya kaka yake, na hizo alisema haziuzwi akiwa hai. Kijana wa redio amezinakili zote. Usiku wa hina, wanawake watupu, wifi mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mpiga muziki lile faili. Alimwambia: "Punguza. Kuna fidla nyuma, nataka watu waisikie."

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazee wetu, awarehemu waliotangulia, na azijaalie ndoa zenu utulivu na mapenzi. Mwenye santuri nyumbani aziangalie leo hii. Vipimo vya magauni endeleeni kunitumia kama kawaida.

Wassalaam alaykum.